Mwenzangu Ana 24, Mimi Nina 6

Profesa,

Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji na mhadhiri katika chuo kimoja cha tiba Kanda ya Ziwa. Nakaribia mwaka wa tisa katika cheo hiki hiki cha uhadhiri. Siku tatu za wiki niko thieta, siku moja kliniki, na zamu za usiku juu yake. Nafundisha, nasimamia tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa, na nikipata upenyo naandika. Nina makala kumi na nne. Mwaka jana nilipeleka faili langu kuomba uhadhiri mwandamizi, likarudishwa. Mjumbe mmoja wa kamati aliniambia pembeni kwamba kipimo changu cha h ni kidogo: sita kwenye Google Scholar, nne kwenye Scopus. Mwenzangu tuliyeajiriwa pamoja, mtu wa epidemiolojia, ana ishirini na nne, na sasa ni profesa mshiriki.

Hivi karibuni nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watafiti wa nchi mbalimbali. Humo watu wananukuliana: wewe nukuu makala zangu tano, nami nitanukuu zako tano. Humo humo huuzwa nafasi za uandishi kwenye makala zilizokwisha kuandikwa; nafasi ya kwanza ina bei yake, ya tatu ina yake. Daktari mmoja hapa kwetu alinunua na hakuna kilichompata. Mume wangu ananiambia nipunguze upasuaji, niandike. Mimi naona nikitoka thieta nitakuwa nimeiacha kazi niliyoisomea. Nifanyeje? Na jambo dogo: makala zangu tatu za mwanzo zina jina la baba yangu, zilizofuata zina jina la ndoa. Je, hilo lina madhara?

Mama wa Zamu, Kanda ya Ziwa

Daktari,

Jitoe kwenye kundi hilo leo, kabla hujamaliza kusoma majibu haya. Suala la uaminifu unalijua mwenyewe, sitakuhubiria. Nitakupa sababu ya kikazi. Makala zinazouzwa nafasi kwa namna hiyo hutoka kwenye viwanda vya makala, na wachapishaji wamekwisha kuanza kuvisaka. Mwaka 2023 kampuni ya Hindawi, iliyokuwa chini ya Wiley, ilifuta makala zaidi ya 8,000 kwa mwaka mmoja, na Wiley ikaamua kuachana na jina hilo kabisa. Makala ikifutwa haipotei. Inabaki mtandaoni ikiwa imepigwa muhuri wa kufutwa, na majina ya waandishi yako pale pale juu. Kwa mpasuaji hali ni mbaya zaidi kuliko kwa mwanahistoria, maana makala yako inazungumzia wagonjwa. Siku utakapoulizwa wagonjwa hao walilazwa wodi ipi, na kibali cha kamati ya maadili kina namba gani, utajibu nini? Huyo daktari wa kwenu, nakuomba uongeze neno "bado" kwenye habari zake. Makala nyingi hufutwa miaka kadhaa baada ya kuchapishwa.

Kunukuliana kwa mapatano nako kunaonekana kuliko wahusika wanavyodhani. Clarivate imewahi kuyaondoa majarida kwenye orodha yake ya vipimo kwa sababu ya kujinukuu kupita kiasi au kunukuliana kwa mafungu. Ile orodha ya wanasayansi "asilimia mbili bora duniani", ambayo kila mwaka hupambwa kwenye mabango ya vyuo vyetu, ilianzishwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake mwaka 2019, na ndani yake kuna safu inayoonyesha mtu anabaki na nini akishaondolewa aliyojinukuu mwenyewe. Wanaopamba mabango mara nyingi hawafiki kwenye safu hiyo.

Sasa hiyo sita yako. Kipimo cha h kilitungwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi hadi iliyonukuliwa kidogo, zipe namba, kisha shuka nazo hadi pale idadi ya kunukuliwa itakapokuwa ndogo kuliko namba ya makala. Tuseme zako zimenukuliwa mara 41, 19, 12, 9, 7, 6, 4, na zilizobaki chini ya hapo. Ya sita imenukuliwa mara 6, inapita. Ya saba imenukuliwa mara 4, haipiti. Basi h yako ni 6. Chukua sasa ile ya kwanza, uifanye imenukuliwa mara 4,000 badala ya 41. H yako inabaki 6 ile ile.

Nakupa mfano wa mpasuaji aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa lenu. Denis Burkitt alikuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha katika British Journal of Surgery makala kuhusu uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Kiafrika. Mwanzoni ilisomwa na wachache. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa waliokaa kumsikiliza. Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza virusi ambavyo leo kila mwanafunzi wa udaktari anavijua kwa jina la Epstein-Barr. Saratani yenyewe ikapewa jina la Burkitt. Kwenye kipimo cha h, makala ile inahesabiwa kuwa moja. Na kama angepeleka faili lake kwenye kamati mwaka 1960, nadhani lingerudi kama lako.

Hirsch alipendekeza, tena kwa tahadhari, kwamba h ya 12 hivi ingemfaa mtu anayepanda kuwa profesa mshiriki, na 18 hivi profesa kamili. Alikuwa anazungumzia wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti. Namba hizo nimezisikia zikitajwa kwenye vikao vya watu wa tiba kana kwamba zilishuka pamoja na katiba ya chuo. Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Kwa hiyo kuhusu mwenzako mwenye 24, naona unajihukumu bure. Kumpima mtu wa epidemiolojia na mpasuaji kwa h ni kumpima mwenye jarife na mchokoa pweza kwa uzito wa ndoo. Mwenzako anafanya kazi na takwimu za kitaifa, anaandika na watu ishirini kwa mpigo, na wanaomsoma ni watafiti ambao nao huandika kila mwezi na kunukuu makala sitini katika kila moja. Wewe ukiandika namna ya kufunga utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, atakayekusoma ni daktari wa hospitali ya wilaya mwenye mgonjwa mezani usiku ule. Atafuata ulichoandika, mgonjwa atapona, na hatakunukuu popote, kwa sababu yeye haandiki. Hakuna kipimo chochote kati ya hivi kinachomwona daktari huyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Tafiti nyingi za Marekani kuhusu wapasuaji wa vyuo vikuu zimeonyesha kwamba h hupanda pamoja na cheo: profesa ana kubwa kuliko profesa mshiriki, naye kuliko aliye chini yake. Wengine husoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba h inapima ubora. Lakini h haishuki kamwe. Hupanda kadiri miaka inavyokwenda hata mtu asipoandika tena, na mwenye cheo ana wanafunzi, fedha na mialiko ya kuandika pamoja na wengine. Cheo kinaizalisha h, kisha h inatumika kuthibitisha cheo. Zaidi ya hayo, mpasuaji huchelewa kuanza. Mwenzako alianza kuchapisha ungali ukishika ndoano kwa zamu za usiku.

Nina swali kwako: yule mjumbe aliyekuambia pembeni, alikuonyesha kifungu? Vyuo vya umma vya Tanzania, na vya Kenya vilevile, hupima machapisho kwa pointi, na mizani huwa aina ya chapisho, jarida lililolichapisha na nafasi yako kati ya waandishi. Fungua mwongozo wa chuo chako uusome mwenyewe, kalamu mkononi. Inawezekana kabisa h haimo. Nimekaa kwenye kamati za namna hii miaka mingi, na faili linaporudi, sababu huwa ya kawaida kuliko inavyosimuliwa koridoni: jarida halikutambuliwa, barua ya kuthibitisha mchango wa mwandishi haikuambatishwa, tathmini ya ufundishaji ya muhula mmoja imekosekana. Mwandikie Mkuu wa Idara uombe sababu kwa maandishi. Ikibainika kwamba kweli walitumia h bila kuwa na kifungu, unayo hoja, na huna haja ya kuibeba peke yako. Lipo Azimio la San Francisco, lililoanzishwa Desemba 2012, ambalo limetiwa saini na taasisi nyingi za utafiti duniani, na linapinga kutumia kipimo cha jarida (impact factor) kumpima mtu. Lipo pia Tamko la Leiden la mwaka 2015, linalotaka tofauti za fani zizingatiwe na namba zisaidie hukumu ya wataalamu bila kuchukua nafasi yake. Hata kile kipimo cha jarida ambacho wakubwa wetu hukiuliza kabla ya kusoma kichwa cha makala, chimbuko lake ni kazi ya Eugene Garfield wa Philadelphia, aliyetaka njia ya kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yake. Kupandisha watu vyeo hakukuwa kazi yake.

Hayo ni ya kujitetea. Tuje kwenye kuandika, maana sitaki uondoke hapa ukidhani makala zako kumi na nne zinatosha na kamati ndiyo yenye makosa yote.

Umetaja kwa kupita kwamba unasimamia tasnifu. Daktari, hapo ndipo ulipokalia mali. Kila anayesomea ubingwa huandika tasnifu. Anahangaika mwaka mzima kukusanya takwimu, anapata kibali cha maadili, anamlipa mtu wa kumchambulia, anatetea, anafaulu, anapangiwa hospitali ya mkoa. Tasnifu inabaki maktaba na vumbi lake. Kwa miaka yako yote hiyo lazima umesimamia nyingi. Zitoe. Kwa kila moja jiulize kama swali lake bado lina maana na kama takwimu zake zinaaminika. Mbili au tatu zitapita. Kazi iliyobaki ni kuzikata kutoka kurasa themanini hadi maneno elfu tatu.

Lakini usimnyang'anye mtu jasho lake. Mpigie simu aliyeiandika. Yeye ndiye mwandishi wa kwanza, wewe wa mwisho kama msimamizi, na kama hana nafasi ya kuandika, mkubaliane kwa maandishi nani ataandika rasimu na majina yatafuatanaje kabla hata sentensi moja haijaandikwa. Kwa wanafunzi wapya, fanya makubaliano hayo siku pendekezo la utafiti linapopitishwa, na muweke muda: akimaliza mwaka baada ya kufaulu bila kuandika, wewe unaruhusiwa kuandika, jina lake likiwemo. Masharti ya wahariri wa majarida ya tiba yako wazi: mwandishi ni aliyechangia kazi kwa kiasi kikubwa, akashiriki kuandika au kuhariri kwa kina, akaidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Mkubwa aliyetia saini fomu tu hamo. Najua kulisema hilo kwenye idara zetu kuna joto lake, nami sikulazimishi uende kumwambia bosi wako kesho asubuhi. Anza kwa kukataa jina lako lisiwekwe mahali ambapo hukufanya kazi. Wengine wataona.

Kisha acha ripoti za mgonjwa mmoja mmoja. Sijaziona makala zako, ila naweza kukisia kwamba nne au tano ni za aina hiyo: uvimbe wa ajabu, kitu cha ajabu kilichomezwa. Ni tamu kuandika na zina kazi yake katika kufundisha, ila hazinukuliwi, na kwenye mizani nyingi za pointi ni nyepesi. Mpasuaji wa kwetu ana kitu ambacho mtu wa Boston hana hata akitaka kukinunua: rejesta ya thieta. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika hospitali za miji minane. London, Toronto na Seattle zilikuwemo, na Ifakara ilikuwemo pia. Swali lake lilikuwa jepesi: wangapi wanapata madhara na wangapi wanafariki kabla na baada ya kuanza kutumia orodha? Walihesabu wagonjwa 3,733 kabla na 3,955 baada. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, na msingi wake ni watu waliokaa wakahesabu wagonjwa wao kwa uaminifu.

Tena kuhesabu huko si lazima kuchukue miaka. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa na Lancet mwaka 2018, ulikusanya wagonjwa zaidi ya 11,000 kutoka hospitali 247 katika nchi 25, na kila hospitali ilisajili wagonjwa kwa siku saba tu. Ukaonyesha kwamba wagonjwa wetu, ingawa ni vijana na hawana maradhi mengi mengine, wanakufa baada ya upasuaji mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi wanafia wodini siku zinazofuata. Hapo una maswali ya kukutosha hadi ustaafu. Nani aliyempima mgonjwa presha usiku wa pili? Matokeo yalichukua muda gani kumfikia daktari? Chagua ugonjwa mmoja ambao hospitali yako inauona kwa wingi. Majeruhi wa bodaboda, utumbo uliotoboka, au saratani ya umio, ambayo imeshika ukanda huu wa mashariki mwa Afrika kuliko sehemu nyingi za dunia. Wafuatilie wote kwa siku thelathini baada ya upasuaji, kwa simu kama hawawezi kurudi kliniki.

Ndiyo maana mume wako ana nusu ya ukweli. Muda wa kuandika unauhitaji, lakini ukiutoa wote thieta utakosa cha kuandika. Omba nusu siku moja kwa wiki iandikwe kwenye ratiba ya idara, maana nusu siku isiyoandikwa italiwa na dharura ya kwanza. Halafu nenda kagonge mlango wa yule mwenzako mwenye 24. Yeye anajua kupanga utafiti na kuchambua takwimu, ila hana wagonjwa. Mpelekee rejesta. Watu wawili wa chuo kimoja wanaopimana h koridoni huku kila mmoja ana nusu ya makala mkononi, huo ndio upotevu unaonisikitisha katika barua yako.

Ukialikwa kwenye tafiti kubwa za kimataifa za upasuaji, ingia, utajifunza kukusanya takwimu kwa nidhamu. Usizitegemee kwa cheo. Wakati wa korona kundi la COVIDSurg na wenzao wa GlobalSurg walitoa makala yenye waandishi zaidi ya 15,000, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Makala ya namna hiyo humsogeza kila aliyemo, na kamati inayojua kazi yake itakuuliza wewe binafsi ulifanya nini.

Mwisho, hilo uliloliita jambo dogo. Lina madhara, na nashangaa umeliweka mkiani. Scopus huenda imekufungulia kurasa mbili, ya jina la baba na ya jina la ndoa, na ile nne uliyoambiwa ni ya ukurasa mmoja. Tafuta majina yote mawili. Ukiukuta wa pili, omba kurasa ziunganishwe. Wana fomu ya bure, ila hujibu baada ya siku kadhaa. Usitarajie namba zilingane na za Google Scholar hata baada ya hapo, kwa kuwa Google Scholar inahesabu tasnifu na ripoti, na majarida yetu kadhaa ya Afrika Mashariki ambayo Scopus haiyaingizi. Kwenye faili andika zote mbili na tarehe uliyozisoma. Jisajili ORCID, upate namba ya tarakimu 16 itakayokufuata hata ukibadili jina tena, na uiandike kwenye kila makala utakayopeleka. Amua jina moja la kuchapishia, la baba au la ndoa ni uamuzi wako, na tangu hapo usilibadilishe hata herufi ya katikati. Halafu pitia ukurasa wako wa Google Scholar uondoe makala za watu wenye jina linalofanana na lako. Mjumbe akikuta humo makala ya daktari wa meno wa Cairo, ataanza kutilia shaka na zile zako. Yote hayo yakamilishe kabla ya kumwandikia Mkuu wa Idara, ili barua yako ibebe namba iliyo sahihi.